Vyuma vya Njia ya Maji

Kilosa,
14 Juni 2024

Mpwa wangu mpendwa Samson,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na mkeo Siwema, ambaye nasikia siku zake zimekaribia. Mwambie ninamkumbuka katika rozari ya jioni. Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Dada yako Agatha huniletea uji kila asubuhi, na binti zake wanasoma vizuri, hasa Devota, ambaye sasa ananisahihisha hesabu. Mahindi ya bondeni yaliondoka na mafuriko. Ya juu yamesalia. Uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kukupigia. Unajua masikio yangu hayapatani tena na simu, na Cosmas, dereva wa basi la Mikumi, amekubali kubeba barua zetu bila kinyongo.

Kwanza nirudie shukrani zangu. Mwezi wa tano ulikuja na rafiki yako Mudi na ile mashine ya kutafuta vyuma, mkazunguka siku mbili kwenye mchanga wa mto Mkondoa mkitafuta cherehani ya marehemu mke wangu, iliyochukuliwa na maji pamoja na jiko lote. Hamkuipata, nami sikulaumu. Mlijitahidi kuliko nilivyostahili.

Sasa nasikitika kukuingiza katika jambo zito. Bwana Kondo, aliyenunua shamba la marehemu Bonifas, amevuta uzio wa waya kutoka kona ya shamba hilo hadi kwenye maji, akaifunga njia yetu ya mtoni. Amebandika karatasi inayosema kwamba sheria ya mazingira hairuhusu mtu kukanyaga ndani ya mita sitini kutoka ukingoni. Sheria ya mita sitini ipo. Afisa wa mazingira alikuja kutusomea. Lakini alisema pia kwamba njia ya kuteka maji na kunyweshea mifugo haizuiwi, mradi iwe imeandikwa katika mpango wa ardhi wa kijiji. Yetu imeandikwa: njia ya maji, kati ya vyuma viwili vya reli. Na ndani ya uzio huo wa kulinda mazingira, Samson, bwana Kondo amepanda nyanya na kufunga pampu.

Baraza la ardhi la kijiji likasema, vyema, tuonyesheni vyuma. Ndivyo vile vilivyozikwa na wazee mwaka 1955, msimamizi wa shamba la mkonge alipotaka kuufunga mto. Jumapili iliyopita, baada ya misa, tulikwenda na makoleo. Nilisimama mahali penyewe, kimoja chini ya mkuyu, kingine hatua ishirini kuelekea machweo. Tulichimba hadi kiunoni. Pote pawili tulikuta mchanga laini uliochanganyika na vifuniko vya soda. Mchanga uliotulia miaka karibu sabini haumezi vifuniko vya soda kwa kina hicho.

Nakuuliza kwa upole. Mashine yenu iliwahi kulia mahali hapo? Na kama ililia, mlifanya nini?

Agatha sasa anazunguka hadi darajani kuteka maji. Kwenda na kurudi ni saa nzima.

Mjomba wako akupendaye,
Vitalis


Mikumi,
2 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Samahani, nimechelewa kujibu. Siwema alijifungua salama tarehe ishirini ya mwezi wa sita, mtoto wa kike. Tumemwita Domina. Ana sauti kuliko grainda yangu. Karakana inaenda vizuri, maana huku barabarani kila mtu anajenga nyumba ya wageni na kila mwenye nyumba ya wageni anataka geti. Tembo wameingia tena kwenye miwa ya Ruhembe. Shemeji yangu anashinda akipiga madebe, anasema tembo mmoja sasa anamsikiliza kama anasikiliza muziki.

Kuhusu mashine, mjomba, ile detekta ni ya Mudi, mimi nachangia betri tu. Inalia kwa kila kitu. Siku zile ilituchimbisha misumari, vifuniko vya soda, kijiko, sahani ya bati na ile senti ya zamani yenye tundu niliyokupa mkononi. Halafu mto ukifurika unahamisha mawe ya daraja, sembuse vyuma vya wazee. Nani anajua vimefika wapi?

Naona Kondo ni mtu wa kukaa naye mkazungumza, si wa kupelekana barazani.

Nimempa Cosmas kilo tano za sukari. Agatha apate nusu.

Mpwa wako,
Samson


Kilosa,
19 Agosti 2024

Mpwa wangu Samson,

Shikamoo yako nimeipokea. Marahaba. Namshukuru Mungu kwa Siwema na mtoto. Niliposoma jina la mtoto nililia, kisha nikakasirika, kwa sababu jina la marehemu mke wangu limewekwa mwanzoni mwa barua isiyojibu swali. Unisamehe kwa kulisema hivyo. Nimetafuta namna laini zaidi nisiipate.

Sukari nimeirudisha kwa Cosmas. Chai ya nyumba hii itanywewa bila sukari hadi nitakapojibiwa.

Habari za huku ni kwamba Agatha aliteleza kwenye tuta la daraja akiwa na ndoo kichwani. Kifundo cha mkono kimevimba na kimefungwa bendeji. Devota ndiye anayeteka maji sasa, na anaingia darasani kipindi cha pili kikiwa kimeanza. Ana miaka kumi. Mwalimu wake ameniandikia kwa adabu kuuliza kama nyumbani kuna tatizo.

Jumanne iliyopita lori lilileta geti la bwana Kondo kutoka Mikumi. Nilikwenda na fimbo yangu kulitazama. Kondo alikuwa amesimama pale na kofia yake, akanipigia kelele sikioni, "Mzee Vitalis, umekuja kulibariki geti?"

Nikamjibu, "Nimekuja kulisalimu. Huenda tunafahamiana."

Nguzo zake mbili ni vipande vya reli. Niliomba ruhusa ya mafundi nikapitisha kidole juu ya rangi ya buluu. Kwenye nguzo ya kushoto nilihisi mikato mitatu ya tindo. Kwenye nguzo ya kulia, mitatu. Mikato hiyo aliikata marehemu mjomba wangu Elia, mnyapara wa reli, mimi nikiwa nimemshikia taa ya karabai ndani ya stoo ya vifaa. Kisha niliangalia maungio. Wewe humalizia kuchomelea kwa kitone kidogo kama machozi ya mshumaa. Geti la kanisa letu limejaa vitone hivyo. Sikuhitaji kumuuliza Kondo jina la fundi.

Usiniambie hukujua. Katika ukoo wetu, mjomba huwachukua watoto wa dada yake hadi kwenye vyuma vile, akawatafunisha majani ya mwarobaini, jani moja kwa kila chuma, ili ulimi ukumbuke pale macho yatakaposahau. Mtoto hatemi hadi afike majini. Ndiyo hati yetu. Ilikuwapo kabla ya mpango wa ardhi, na bila hiyo mpango usingekuwa na la kuandika.

Umechukua mlango wa dada yako wa kwendea maji, ukamtengenezea mtu mwingine mlango wa kumfungia, kisha ukaupaka rangi. Nimeishi miaka sabini na minane nikijifunza kutosema maneno makali. Nasikitika kwamba nimefika mwisho wa mafunzo hayo.

Nijibu.

Vitalis


Mikumi,
30 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara tatu. Domina ni mzima, Siwema pia anakusalimu. Hajui ninachoandika.

Ndiyo, nilivitoa. Siku ya pili mashine ililia chini ya mkuyu, kelele ya chuma kikubwa, tukadhani ni cherehani ya shangazi. Wewe ulikuwa umepanda nyumbani kula. Tulipofika kwenye reli Mudi akasema, hii ni ya Mjerumani, haiozi, ni nguzo hiyo. Tukatafuta cha pili, tukakipata. Jioni tulivipakia kwenye pikapu.

Lakini kabla ya kuondoka nilikuuliza. Ulikuwa umekaa kwenye baraza ya nyumba, Mudi yupo. Nilikwambia sikioni, "Mjomba, pale chini wazee walizika kitu?" Ukanijibu, "Wazee walikuwa na mambo yao ya gizani. Sisi tumebatizwa." Halafu ukarudi kwenye habari za cherehani. Kumbuka vizuri. Mimi nakumbuka mpaka namna ulivyokunja leso.

Sasa unaniandikia kwamba mjomba huwatafunisha watoto wa dada yake. Nani alinitafunisha mimi? Mjomba wangu ni wewe tu, sina mwingine. Nilikuja kwako kila likizo. Ulinifundisha sala ya malaika, ukanifundisha kuweka tarehe juu ya barua, ukanifundisha nisile nimesimama. Jani la mwarobaini nililijua kwa homa tu. Nimempigia Agatha kumuuliza kama yeye alipelekwa. Alicheka, na kile kicheko sitaki kukisikia tena.

Kwa hiyo usiniandikie "usiniambie hukujua". Sikujua. Aliyejua alikuwa anakula ugali juu nyumbani.

Kondo aliponiagiza geti alisema ni la shamba lake la Kisanga. Kwa hilo naapa.

Barazani siji. Kung'oa alama ya mpaka ni kosa. Kuchimba ukingoni bila kibali ni kosa jingine. Nina mtoto wa miezi mitatu. Unataka nifungwe ili Kondo apate cha kuchekea?

Samson


Kilosa,
18 Oktoba 2024

Mpwa wangu Samson,

Marahaba. Wasalimie Siwema na mtoto. Mkono wa Agatha unapona, ingawa kidole kidogo hakikunjiki. Mvua za vuli hazijaanza, na mto umepungua hadi unaweza kuuvuka bila kukunja suruali, kama ungeweza kuufikia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta mstari wa uongo. Sikuupata, na hasira yangu imeongezeka kwa sababu hiyo.

Nilikuwa na miaka tisa. Mjomba Elia alitupeleka watoto sita, tukatafuna, tukatema mtoni, tukarudi tukijiona wakubwa. Jumatatu yake, katika shule ya misheni, mwalimu wa dini aliona ulimi wangu wa kijani akaniuliza. Nikamweleza kwa fahari. Alinisimamisha mbele ya darasa na kunisugua ulimi kwa kipande cha sabuni, akisema kwamba ulimi unaojiandaa kupokea Komunyo haupaswi kulishwa mizimu. Simlaumu mwalimu yule. Mwandiko huu unaousoma ni wake. Lakini toka siku ile ladha ya sabuni iliifunika ladha ya mwarobaini.

Wale watano wengine wamekwisha kufa. Shangazi yako Domina alikuwa akiniuliza kila masika, "Watoto wa dada yako utawapeleka lini?" Nami nilimjibu kwamba tunayo ramani ya kijiji. Aliuliza miaka thelathini, kisha akaacha kuuliza. Ulipoketi nami barazani ukaniuliza, nilijua unauliza nini. Niliona haya mbele ya Mudi, kijana mgeni, ya kukiri kwamba mzee wa kanisa bado anajua vyuma vilipo. Nikajibu kama mwalimu wangu.

Naomba radhi. Maisha yangu yote nimetawanya radhi hovyo, nimemwomba radhi kondakta kwa kunikanyaga. Hii si ya namna hiyo. Hili ni kosa langu, na ninaliita kwa jina lake.

Lakini radhi yangu haifuti yako. Umeandika kwamba mlivipakia jioni, hukuandika kwamba mlivifunika. Agatha aliliona turubai. Mtu asiyejua hubeba wazi, Samson. Hukuhitaji kutafuna jani lolote kujua kwamba chuma kilichosimamishwa wima ndani ya ardhi kina mwenyewe.

Baraza litakaa Alhamisi, tarehe 14 Novemba, saa nne, pale pale kwenye uzio. Nitasimama wa kwanza niseme niliyokuandikia. Kondo atajibu kwamba mzee asiyesikia anaota, na mikato mitatu ya tindo haionyeshi nguzo zilitoka wapi. Atakuwa na haki ya kusema hivyo. Aliyezitoa tu ndiye awezaye kuonyesha.

Sikuamuru uje. Mjomba asiyetimiza wajibu wake amepoteza haki ya kuamuru. Nitaweka kiti kitupu kando yangu, na kila mtu pale atajua ni cha nani.

Vitalis


Mikumi,
25 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Nilifika salama. Nilipoondoka hukunipa mkono, kwa hiyo sikupata nafasi ya kusema, naandika.

Nilikuwa nimeshaamua kutokuja. Asubuhi ile nikaghairi, nikamwambia Siwema nakwenda Kilosa kupima geti, akaniuliza geti la nani. Nikamweleza yote. Akasema, "Basi la saa kumi na mbili bado halijaondoka."

Kondo aliponiona nikishuka na mashine ya Mudi begani alifurahi sana. "Huyu ndiye fundi wangu," akawaambia watu. "Fundi, umekuja kunidai?" Watu wakacheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze, kisha nikakuona umekaa wima pembeni ya kiti kile.

Kuna jambo sikukuandikia hata mara moja, na ndilo lililokuwa likinizuia. Vyuma havikutoka vizima. Miguu ya reli ilikuwa imekamatwa na mawe, tukashindwa, nikavikata kwa grainda ya betri. Vipande vya chini nilijua vimo bado. Ninyi mlichimba hadi kiunoni mkakata tamaa. Vilikuwa chini ya nyayo zenu, dhiraa moja tu. Ningekuandikia hilo mwezi wa nane, Agatha asingezunguka darajani miezi mitatu zaidi. Naliandika hapa ili liwe kwenye karatasi, si kwenye masikio ya baraza peke yake.

Mashine ilipolia nilitamani kuizima. Walipochimba hadi kifuani na kile kipande kikaonekana, na mwenyekiti akaleta nguzo ya geti akaipachika juu yake ikakaa kama jino kwenye fizi, Kondo hakucheka tena. Alisema, "Mimi nilinunua nguzo, sikununua historia." Agatha akamjibu, "Na sisi tunataka maji, hatutaki nyanya." Nadhani hukuyasikia, ndiyo maana nakuandikia.

Faini ya baraza nitaimaliza. Vyuma nimevirudisha na kuviunga kwenye miguu yake. Mikato mitatu imekaa upande wa mto kama ulivyoniambia. Njia imefunguliwa, lakini nyanya bado zimo, na pampu pia. Kondo anasema atakata rufaa wilayani. Ikifika huko nitakuja tena bila kuitwa.

Halafu lile la mwisho. Mbele ya mwenyekiti, mbele ya Kondo na wachunga ng'ombe waliokuja kusikia hukumu, ulichuma majani ukaniambia, "Fungua mdomo." Nina miaka arobaini na mmoja. Ukanipanga nyuma ya Devota. Agatha akaninong'oneza, "Wewe ni mdogo, umezaliwa leo." Tukatembea hadi majini mashavu yamejaa, na wewe ulikuwa nyuma yetu, nawe unatafuna. Niligeuka nikakuona ukitema. Ulikaa umeinama muda mrefu.

Siku ya pili yake chai ilikuwa chungu, ya tatu pia. Nimempa Cosmas ile ile sukari. Ukiirudisha nitaelewa.

Mpwa wako,
Samson


Kilosa,
6 Desemba 2024

Mpwa wangu Samson,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa afya yenu. Mvua zimeanza. Devota anafika darasani kabla ya kengele, na mwalimu wake ameniandikia tena, kwa adabu ile ile, kuuliza mtoto anatafuna nini wakati wa hesabu. Nimemjibu kwamba ni mambo ya familia, na sikumwomba radhi.

Sikukupa mkono kwa sababu bado nilikuwa nimekasirika, na bado nimekasirika. Kila ninapomwona Agatha akijaribu kukunja kidole kile, hasira hurudi kwako, kisha hurudi kwangu, na haina nia ya kukaa kwa mmoja wetu peke yake. Sitakudanganya kwamba imekwisha. Mtu wa umri wangu hana muda wa kutosha wa kuingoja hadi iishe.

Sukari imefika. Agatha amechukua nusu yake. Yangu iko kabatini na sijaifungua. Nitaifungua siku utakapokuja na Siwema na mtoto. Kwa desturi yetu mtoto hufuata ukoo wa mama, na Domina ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo vyuma vyetu havimhusu, na sisi hatuna haki ya kumtia jani kinywani. Nitamlambisha kijiko cha chai yangu.

Njooni kupitia njia ya mtoni.

Mjomba wako,
Vitalis